Muda Mfu Ni Kazi ya Saketi, Si ya Programu

Siku hizi kijana akiuliza namna ya kuweka muda mfu kwenye draiva ya nusu daraja, jibu huja upesi: andika kwenye programu. Kama hana maikrokontrola, anaambiwa anunue draiva ya bei kubwa zaidi ambayo muda huo umo ndani yake. Akithubutu kuonyesha mchoro wenye rezista, dayodi na kapasita kwenye kila ingizo, ataambiwa huko ni kubahatisha, ni kazi ya mtu asiye na fedha ya kununua kifaa chenyewe. Maneno haya husemwa na walimu wa vyuo, mafundi wazoefu na wahandisi ninaowaheshimu. Nayapinga. Saketi hiyo ya bei ndogo, ikipangwa kwa hesabu na kupimwa, ndiyo mahali pa muda mfu panapostahili, hata kwa mwenye fedha za kutosha. Ushauri wa kuipuuza umekwishaunguza mosfeti nyingi mno.

Tuanze na kinachoungua. Nusu daraja ni transista mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine kati ya chanya na hasi ya betri, na mzigo umeunganishwa katikati yake. Ya juu ikiwaka, ya chini sharti iwe imezimika, na ya chini ikiwaka, ya juu sharti iwe imezimika. Zikiwaka zote mbili kwa pamoja, hakuna tena mzigo kati ya chanya na hasi, ni shoti. IRF3205, mosfeti iliyojaa kwenye inveta za bei nafuu, ina upinzani wa miliomu 8 ikiwa imewaka. Mbili zikifuatana ni miliomu 16. Gawanya volti 24 kwa upinzani huo, utapata ampea 1,500. Mkondo haufiki huko, kwa sababu waya wenyewe huchelewesha kupanda kwake na shoti hukatika mapema, lakini huanza safari ya kuelekea huko kila transista zinapopokezana. Inveta inayofanya kazi kwa kilohezi 20 hupokezana mara 40,000 kwa sekunde. Hata shoti ndogo isiyoonekana, ikirudiwa kiasi hicho, hugeuka joto, na fundi huona mosfeti zinachemka bila mzigo wowote na hajui kwa nini.

Muda mfu ni mwanya tunaouacha kati ya kuzima moja na kuwasha nyingine. Unahitajika kwa sababu mosfeti huwaka upesi kuliko inavyozimika. Karatasi ya IRF3205 inasema huchukua nanosekunde 14 kabla ya kuanza kuwaka, lakini nanosekunde 50 kabla ya kuanza kuzimika, kisha nyingine 65 hadi mkondo uishe. Na hizo ni namba za maabara ya mtengenezaji, kwa rezista ya geti ya omu 4.5. Kwenye bodi zetu, zenye njia ndefu za shaba na rezista kubwa zaidi, muda huongezeka.

Sasa niwajibu wanaosema hiyo ni kazi ya programu. Maikrokontrola ambayo wanafunzi wengi huanza nayo ni ATmega328P iliyo kwenye Arduino Uno. Chipu hii haina sehemu ya kutengeneza muda mfu. ATtiny85, ndugu yake mdogo na wa bei ya chini, inayo, lakini ATmega328P haina. Kwa hiyo mwandishi wa programu hutumia hila. Kawaida huchukua matokeo mawili ya taima moja, moja akaligeuza kinyume, kisha akaweka tofauti ndogo kati ya namba mbili za ulinganisho. Kwa kasi ya megahezi 16 kila hatua ni nanosekunde 62.5, basi tofauti ya hatua 8 humpa nusu maikrosekunde. Kwenye skrini ya oskiloskopu inapendeza.

Tatizo ni kwamba hizo ni namba mbili, na huandikwa moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikiwahi mwisho wa mzunguko na ya pili ikachelewa, labda kwa sababu programu imekatizwa katikati ili isome kihisi cha joto, mzunguko unaofuata utakwenda na namba moja mpya na nyingine ya zamani. Kama mabadiliko ni madogo kuliko mwanya, mwanya utaliwa kidogo tu. Kama ni makubwa, mfano mwendesha pikipiki ya umeme ameachia mafuta ghafla, mwanya unaweza kutoweka wote kwa mzunguko mmoja. Mzunguko mmoja unatosha. Hitilafu ya namna hii haitokei mezani wakati wa majaribio. Hutokea barabarani, baada ya miezi, na hakuna atakayeweza kuirudia ili aieleze. Mwandishi makini atazima ukatizaji anapoandika namba zote mbili, nalo ni jambo jema. Lakini angalia tulipofika: usalama wa daraja zima umeegemea mistari miwili ya programu, na anayekuja kuihariri mwaka ujao huenda asijue kwa nini iko pale.

Zipo maikrokontrola bora zaidi. STM32F103 ina taima yenye sehemu maalumu ya muda mfu, kwa hatua za takriban nanosekunde 14, na ina hata kufuli la kuzuia namba hiyo isibadilishwe baada ya kuwekwa. Siipingi, aliye nayo aitumie. Ninachowaomba wenzangu wakiri ni kwamba pale muda mfu unatengenezwa na saketi iliyochorwa ndani ya silikoni, na programu huipa namba tu. Chipu hiyo ni ushahidi wa upande wangu.

Kuna jambo jingine ambalo programu haiwezi kulifikia hata iandikwe na bingwa. Muda mfu wa programu huishia kwenye mguu wa maikrokontrola. Kutoka hapo hadi kwenye draiva kuna sentimita kadhaa za njia ya shaba, jirani na mikondo mikubwa inayowashwa na kuzimwa kwa kasi. Kelele ya umeme ikiingia kwenye njia hiyo, draiva itaiona kama amri ya kuwasha na itatii. Rezista na kapasita zilizowekwa milimita chache kutoka kwenye draiva huitafuna kelele ya aina hiyo, kwa kuwa mwiba wa nanosekunde 100 hauwezi kuijaza kapasita hadi kizingiti. Saketi ileile inayochelewesha kuwasha ndiyo inayochuja kelele za kuwasha.

Wa pili ni wale wanaosema nunua draiva yenye muda mfu ndani. Mfano wao wa kila siku ni IR2104, ambayo hutoa takriban nanosekunde 520. Ni chipu nzuri kwa kazi yake. Lakini isome karatasi yake hadi kwenye nguvu ya kuendesha geti: huzima geti kwa miliampea 270 hivi. IRF3205 inaweza kubeba chaji ya nanokulombi 146 kwenye geti lake. Gawanya chaji kwa mkondo: takriban nanosekunde 540 ili kulimaliza geti lote. Mosfeti hufunga kabla chaji haijaisha kabisa, kwa hiyo huenda ukanusurika, lakini umebaki bila akiba yoyote, na karatasi hiyohiyo inaruhusu muda mfu ushuke hadi nanosekunde 400. Weka mosfeti mbili sambamba kwenye draiva hiyo, kama inavyofanyika ili kuongeza nguvu ya inveta, na hesabu imekushinda. Namba ya 520 haibadiliki. Haijui uliunganisha nini upande wa pili.

Draiva yenye misuli ni IR2110, yenye ampea 2 za kuwasha na ampea 2 za kuzima. Hiyo haina muda mfu wala kizuizi chochote: ukiziwasha ingizo zake mbili kwa pamoja, itawasha transista zako mbili kwa pamoja bila kuuliza. Ndiyo maana swali la muda mfu wa bei ndogo huulizwa kila mara kuhusu chipu hii, na ndiyo maana jibu la dharau linaumiza. Na anayetaka draiva ambayo muda wake unarekebishika anaweza kuchukua IR21844, inayoenda kutoka maikrosekunde 0.4 hadi 5. Huirekebishaje? Kwa rezista ya nje. SG3525, iliyo ndani ya inveta nyingi mno, huwekewa muda mfu kwa rezista kati ya mguu wa 5 na wa 7. TL494 ina mguu wa 4 kwa kazi hiyohiyo, na hata ukiupeleka kwenye hasi, chipu yenyewe huacha mwanya wa asilimia 3 hivi. Wahandisi walioziunda chipu hizo hawakuona aibu kuukabidhi muda kwa rezista na kapasita.

Saketi yenyewe inahitaji chipu moja ya 74HC14, ambayo ina milango sita ya kugeuza ishara, kila mmoja ukiwa na vizingiti viwili tofauti, cha kupanda na cha kushuka. Wazo hilo la vizingiti viwili lilitoka kwa Mmarekani Otto Schmitt katika miaka ya 1930, na bado hatujapata njia rahisi zaidi ya kugeuza mlima wa kapasita unaopanda polepole kuwa ukingo mkali. Chukua ishara moja tu kutoka kwenye maikrokontrola. Igawe njia mbili. Njia ya kwanza inapita kwenye rezista ya kiloomu 1, kisha kapasita ya nanofaradi 1 kwenda hasi, kisha milango miwili, hadi ingizo la juu la draiva. Njia ya pili inapita kwanza kwenye mlango mmoja wa kuigeuza, kisha rezista na kapasita kama hizo, kisha milango miwili, hadi ingizo la chini. Sambamba na kila rezista weka dayodi ndogo, 1N4148 au afadhali ya Schottky, katodi ikielekea ishara inakotoka. Ishara ikipanda, dayodi imefunga na kapasita hujazwa polepole kupitia rezista. Hapo ndipo kuwaka kunacheleweshwa. Ishara ikishuka, kapasita humwaga chaji yake upesi kupitia dayodi, na kuzimika hakucheleweshwi. Umetumia milango mitano kati ya sita. Ingizo la mlango uliobaki liunganishe na hasi, usiliache likielea.

Nasisitiza neno ishara moja, kwa kuwa hapo ndipo mjadala unapoamuliwa. Anayeweka rezista na kapasita kwenye ishara mbili zinazojitegemea amepata ucheleweshaji, lakini hajapata kizuizi: programu ikikwama huku miguu yote miwili iko juu, daraja linaungua vilevile. Ishara ikiwa moja, na ya pili ikazaliwa kutokana na kugeuzwa kwa ya kwanza, hakuna amri yoyote ya programu inayoweza kuziwasha zote mbili. Programu inaweza kukwama, kujizungusha, kufutika. Mzigo unaweza kudhurika na fyuzi ikakatika. Lakini shoti kati ya transista mbili haitatokana na amri. Mguu wa SD wa IR2110, unaozima matokeo yote, upandishwe kwa rezista ili ukae katika hali ya kuzima hadi programu iamke na kuushusha. Anayesema saketi hii ni duni kuliko programu anieleze ni programu gani inayotoa dhamana hiyo.

Nije kwenye hoja yao iliyo na uzito. Wanasema muda wa rezista na kapasita hauna uhakika. Ni kweli, na atakayekana hajasoma karatasi ya chipu. Kwa volti 4.5, kizingiti cha kupanda cha 74HC14 kinaruhusiwa kuwa popote kati ya takriban volti 1.7 na 3.15. Kwa kiloomu 1 na nanofaradi 1, maana yake ni muda wa kati ya maikrosekunde 0.47 na 1.2. Upana huo unatisha ukiutazama peke yake. Lakini kosa la hoja ni kudhani kwamba muda mfu unahitaji usahihi. Unahitaji kiwango cha chini kisichovukwa. IRF3205 moja ikiendeshwa na IR2110 kwa rezista ndogo ya geti inataka kama nanosekunde 200. Chipu mbaya kuliko zote zinazoruhusiwa inakupa 470. Umevuka mara mbili kabla hujapima chochote.

Na ukiangukia upande wa pili, ule wa 1.2? Wakati wa muda mfu mkondo wa mzigo hupita kwenye dayodi ya ndani ya mosfeti, ambayo hudondosha hadi volti 1.3. Kwa ampea 20 na kilohezi 20, mianya miwili ya maikrosekunde 1.2 ni asilimia 4.8 ya mzunguko, na joto lake ni wati 1.25. Upinzani wa mosfeti yenyewe, kwa mkondo huohuo, hutoa wati 3.2. Gharama ya kutokuwa na uhakika, katika hali mbaya kabisa, ni wati moja na robo, na unaipunguza kwa kubadilisha rezista moja baada ya kupima. Tofauti kubwa huwa kati ya chipu na chipu. Milango iliyo ndani ya chipu moja hufanana, hivyo ukishapima njia moja nyingine haitakuwa mbali. Kapasita iwe ya kauri ya aina ya C0G au ya filamu. Zile za kauri za Y5V, ambazo uwezo wake hubadilika vibaya joto likipanda, zisikaribie hapa.

Wapo pia watu wa upande wangu ambao lazima nitofautiane nao, wale wanaosema huhitaji haya yote: weka rezista kubwa kwenye geti lenyewe, tuseme omu 100, na dayodi sambamba yake, basi muda mfu umepatikana. Huu ndio ukosefu wa hesabu unaotuletea dharau. Rezista ya geti haicheleweshi tu, hupunguza na kasi ya kuwaka. Mosfeti hukaa katikati, haijawaka wala haijazimika, ikiwa imebeba volti na mkondo kwa pamoja. Kwa IRF3205, chaji ya sehemu hiyo ya katikati hufikia nanokulombi 54. Kwa draiva ya volti 12 na omu 100 mkondo wa geti ni kama miliampea 65, basi hukaa humo maikrosekunde 0.8 hivi. Kwa volti 24, ampea 20 na kilohezi 20, hizo ni takriban wati 4 za joto kwenye transista moja, kwa kingo za kuwaka peke yake. Na muda wenyewe hutegemea aina ya mosfeti, joto na mkondo wa mzigo. Ucheleweshaji uwekwe kabla ya draiva, upande wa ishara ndogo, ambako ukingo utakaotoka bado ni mkali. Kwenye geti rezista ibaki ndogo, ya kutuliza mtetemo, na dayodi ya kuharakisha kuzima ni nyongeza njema, si badala.

Sababu inayonifanya nilishikilie jambo hili kuliko zote ni matengenezo. Inveta inayofika kwa fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue haiji na programu yake. Chipu imefungwa, haisomeki. Mosfeti za asili hazipo dukani, kwa hiyo fundi huweka nyingine. Akitoa IRF3205 akaweka IRFB4110, amechukua transista inayostahimili volti 100 badala ya 55, jambo zuri, lakini kuzimika kwake ni kwa nanosekunde 78 za kusubiri na 88 za kushuka, zaidi ya ile ya kwanza. Na soko lina mosfeti bandia nyingi ambazo hazifuati karatasi yoyote. Kama muda mfu umo kwenye programu iliyofungwa, fundi hana la kufanya. Atabadilisha mosfeti, zitaungua, atabadilisha tena, na mteja atalipa mara mbili. Kama muda mfu ni rezista mbili anazoziona kwa macho, anatoa kiloomu 1 anaweka 1.5, na kazi imekwisha. Kifaa kinachouzwa kwa watu wanaokitegemea kwa taa na friji kinapaswa kutengenezeka na fundi wa mtaani kwao. Wanaofundisha kwamba kila kitu kihamie kwenye programu wanamnyang'anya fundi huyo kazi yake bila kumpa chochote badala.

Mipaka ipo. Kwa transista za GaN zinazopokezana ndani ya nanosekunde chache, saketi hii ni nzito mno. Kwa mota inayotakiwa kuzunguka polepole sana bila kutikisika, muda mfu mrefu hupotosha wimbi, na hapo usahihi wa STM32 na fidia ya programu vina faida ya kweli. Mapigo mafupi kuliko ucheleweshaji humezwa kabisa, kwa hiyo usiliombe daraja upana wa pigo wa asilimia 1 kwa kilohezi 50. Lakini wanaouliza swali hili kwetu, kwa sehemu kubwa, wanajenga inveta za volti 12 au 24, chaja, na vidhibiti vya mota kwa kilohezi 20 au chini ya hapo. Huko mipaka hiyo iko mbali.

Na atakayejenga apime hivi. Usiunganishe betri, tumia pawa saplai yenye kikomo cha mkondo, kiweke ampea moja, na kama huna, funga balbu ya gari kwa mfululizo kwenye chanya. Usiweke mzigo. Weka potenshiomita ya kiloomu 5 badala ya kila rezista, anza zikiwa juu kabisa, na usome mkondo ambao daraja linakula likiwa tupu. Punguza potenshiomita hizo polepole, zote mbili kwa kiasi sawa. Kwa muda mkondo utatulia palepale. Kisha kuna mahali utaanza kupanda, kwanza kidogo, halafu kwa kasi. Hapo transista zimeanza kuwaka kwa pamoja. Simama, zima, pima upinzani uliofikia, uzidishe mara mbili, ongeza kidogo kwa ajili ya joto la mchana kwenye boksi lililofungwa, kisha usolde rezista za kudumu za thamani hiyo na uiandike kwenye bodi kwa kalamu isiyofutika.